Hodi kwa Mashua ya Tani Kumi na Tano

Nimestaafu, na hakuna mtu aliyefia chini ya mashua niliyoivuta mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza nililoliwaza asubuhi ya siku yangu ya kwanza bila kazi, nikiwa bado kitandani kwangu Keshero, mke wangu akishangaa kwamba nimelala mpaka jua limeingia ndani. Miaka yote hiyo nilikuwa naamka na sikio limeelekea ziwani, kana kwamba kebo ikikatika kule karakanani Kituku nitaisikia kutoka nyumbani. Asubuhi ile sikio lilitulia. Nikamshukuru Mungu, nikageukia ukutani, nikalala tena.

Ninyi mnaobaki karakanani mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Hayakuwahi kuvuta hata mtumbwi mmoja kutoka majini. Nitaandika juu ya winchi, juu ya muzee Kakule aliyenifundisha kuitumia, na juu ya kosa moja nililolifanya kwa sababu nilikuwa najua hesabu. Wengine wenu mmesikia nusu ya habari hiyo. Leo naimaliza.

Nilifika karakanani mwaka ule serikali ilipotuamuru kuacha majina ya ubatizo. Kabla ya hapo nilikuwa nikifundisha ufundi wa mashine katika shule moja ya milimani, kwetu Masisi. Nilichora makapi ubaoni kwa chaki, kwa kuwa kapi lenyewe hatukuwa nalo, na wanafunzi wangu walifaulu mtihani bila kuligusa hata siku moja. Nami sikuwa nimeligusa sana, lakini hilo sikuwaambia.

Karakana yenyewe mnaijua, ila siku hizo ilikuwa ndogo zaidi. Kulikuwa na reli mbili zilizotoka ndani ya maji na kupanda ufuko mita sitini hivi, kigari cha chuma juu ya reli, na kule juu kabisa, chini ya paa la mabati, winchi ya mkono. Wafanyakazi waliiita treuil, kama Wabelgiji walioileta. Mashua za mizigo zilizokwenda na kurudi Bukavu zililetwa kwetu zikiwa na kutu na matundu. Tulizikalisha juu ya kigari zikiwa majini, tukazivuta hadi nchi kavu, tukazigonga kutu, tukaziziba, kisha tukazirudisha ziwani.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vilivyong'arishwa na daftari kwapani. Muzee Kakule, msimamizi wa winchi, alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi la volkano mbele ya mashine yake. Alikuwa Munande wa Butembo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu kabla ya kuanza kuviinua kwa akili. Aliniangalia viatu kwanza.

"Unajua kufanya nini?"

"Nilikuwa prof wa mécanique, muzee."

"Basi, Prof, shika hapa," akasema, akanionyesha mpini.

Niliuzungusha mpini siku tatu. Malengelenge yalipona baada ya wiki, lakini jina la Prof halijapona hadi leo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuifungua, ndani ya winchi ile mna skurubu nene inayosukuma gurudumu lenye meno arobaini. Skurubu ikizunguka mara moja, gurudumu linasogea jino moja tu. Gurudumu nalo limeshika pipa linaloviringisha kebo. Nilipima kila kitu kwa kamba katika wiki yangu ya kwanza na kupata kwamba mkono ukitembea mita mia moja na sitini, kebo inaingia mita moja. Darasani tuliita hiyo uwiano wa mwendo. Jioni moja, baada ya kupandisha mashua mita sitini zote, nilimwendea muzee na daftari langu nikiwa na fahari.

"Muzee, nimehesabu. Leo mikono yetu imetembea karibu mpaka Kibati, na miguu haikutoka hapa."

Akafikiri. "Njo maana niko na njaa," akasema.

Lakini yeye mwenyewe alijua jambo hilo kuliko mimi, kwa njia yake. Siku nyingine, tukiwa tunapumzika, aliniambia maneno ambayo niliyatumia baadaye kuwafundisha wote mliokuja nyuma yangu.

"Treuil haikupatie nguvu ya bure, Prof. Weye unaipatia njia, yeye anakupatia nguvu. Ni kama vile mama wa Masisi anashusha haricot, maharagi yake, hapa Kituku, anarudia na samaki. Ni kubadilishana."

"Na msuguano, muzee?"

"Ile ni nini?"

"Nguvu inayopotelea ndani ya mashine."

"Ah. Ile ni tundu ya gunia. Kila gunia iko na tundu. Haricot yenye ilitoka Masisi, haifike yote."

Darasani ningehitaji saa nzima na ubao mzima kusema hivyo. Mwendo ndio unaotoa, nguvu ndiyo unayopata, na tundu la gunia ndilo linaloamua ufanisi.

Muzee alikuwa na desturi moja ambayo sikuipenda. Mashua ikishafika juu, aliinua mkono, na waliokuwa kwenye mpini wakauachia wote, wakarudi nyuma. Kisha alichukua nyundo kubwa ya mti, akashuka hadi kwenye mashua, akaigonga ubavuni mara tatu kwa nguvu mpaka chuma kikalia. "Hodi," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye mlangoni kwa jirani. Aliigonga tena huku na huku, kuanzia mbele hadi nyuma. Halafu alirudi kwenye jiwe lake, akatoa mfukoni kiazi kitamu cha kuchoma, akakila polepole sana, macho kwenye mpini. Hakuitazama mashua hata mara moja. Kiazi kilipokwisha, ndipo aliporuhusu watu kuingia chini.

Nilimuuliza maana yake mwezi ule ule wa kwanza.

"Muzigo ukikujibu, kimbia," alisema. "Ukinyamaza, ingia."

Wengine waliamini anawasalimu wazee wa ziwa. Kulikuwa na katekista kati yetu aliyekuwa akiondoka kwenda kujisaidia kila hodi ilipoanza, ili asishiriki. Mimi niliona ni ushirikina wa heshima, wa kupoteza nusu saa ya kazi, na nikakaa kimya kwa kuwa muzee ni muzee.

Kitu kingine mnapaswa kukijua ili mwelewe kilichofuata. Zamani winchi ile ilikuwa na ulimi wa chuma unaoingia kati ya meno na kuzuia gurudumu lisirudi nyuma. Ulimi huo ulivunjika kabla sijafika, na hakuna aliyeurudisha, kwa sababu winchi haikuwahi kurudi nyuma. Uliachia mpini popote, mzigo ukakaa pale pale, leo, kesho na mtondogoo. Magurudumu ya kigari nayo hatukuyawekea mawe. Nani anafunga mlango ambao haujawahi kufunguka wenyewe?

Chini ya mashua alifanya kazi Safari wa Kibati. Ndiye aliyegonga kutu, amelala chali kati ya reli, nyundo mkononi, kutoka asubuhi hadi jioni. Masikio yake yalikuwa yameliwa na nyundo hiyo. Ukitaka kumwambia neno ilikubidi umguse bega, umkabili, naye akasoma midomo yako. Yeye aliongea kwa sauti kubwa, kama anayedhani wengine pia wanasikia vibaya. Alikuwa na mke, watoto watano, na sandali za tairi alizozishona mwenyewe, akijisifu kwamba zitamzika.

Sasa kosa.

Katika mwaka wangu wa pili nilitaka kujua tundu la gunia letu lina ukubwa gani. Nilijaza mapipa matatu maji, kilo mia sita kwa jumla, nikayaning'iniza kwenye kapi nyuma ya paa na kuyavuta kwa winchi. Kwenye mpini nilifunga mizani ya kuning'inia ya mama Asifiwe, mwanamke aliyetuuzia viazi na chai mchana na samaki asubuhi. Kama gunia lingekuwa zima, ningeyainua mapipa yale kwa nguvu ya chini ya kilo nne. Mizani ilisoma kumi. Maana yake, winchi iliongeza nguvu zetu mara sitini tu, wakati mikono ilikuwa inalipa mwendo wa mara mia moja na sitini. Katika kila mia tuliyotoa, thelathini na saba na nusu ilifika kwenye kebo. Iliyobaki ilipotelea ndani ya sanduku la skurubu na gurudumu.

Niliona aibu kana kwamba nimefumaniwa. Zaidi ya nusu ya jasho la watu wazima! Na sababu niliijua. Muzee alikuwa akiilisha winchi grisi nyeusi aliyoichanganya mwenyewe na mafuta ya ng'ombe, nzito kama ugali, imejaa vumbi la lava na chembe za chuma. Ilinuka kama beberu. Nilimwomba tuibadilishe, akakataa.

"Imezoea," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi akapata msiba. Dada yake alifariki Butembo, naye akaenda kulia, na kwa hali ya barabara tulijua hatarudi kabla ya wiki tatu. Akaniachia winchi. Alinikabidhi nyundo ya mti mkononi, akasema, "Usisahau hodi," akapanda lori.

Nilisubiri siku mbili tu, kwa adabu. Siku ya tatu nikafungua sanduku. Nilikwangua grisi yote, nikaosha meno kwa petroli, nikaipiga skurubu msasa laini mpaka ikang'aa nikajiona usoni. Dereva mmoja wa lori la Butembo, rafiki yangu, alinipa mafuta safi ya giaboksi, mepesi, ya rangi ya asali. Nikafunga, nikaning'iniza mapipa yangu tena. Mizani ilisoma saba. Winchi sasa iliongeza nguvu mara themanini na tano na ushei, na ufanisi ulikuwa umepita nusu, hamsini na tatu kwa mia. Niliachia mpini, mapipa yakatulia. Nikaandika tarakimu zile daftarini na kuzipigia mstari chini mara mbili.

Mashua ya kwanza kuvutwa kwa mafuta mapya ilikuwa na uzito wa tani kumi na tano. Ilifika juu kabla ya saa sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wazungushaji wawili walicheka, wakasema Prof ameiponya treuil homa. Mkuu wa karakana alitoka ofisini, akanipa mkono mbele ya watu. Nilisimama nikiwa na nyundo ya mti mkononi, nikaitazama mashua, nikawatazama watu, na nikaona haya kwenda kukibishia hodi chuma. Mtu wa hesabu! Nikaiegemeza nyundo kwenye nguzo. Mpini ulikuwa umeachiwa, haukutikisika. Nilimpungia mkono Safari aingie.

Aliingia, akalala chali, akaanza kugonga. Wazungushaji walikwenda kunawa ziwani. Mimi nilikaa kwenye jiwe la muzee, mgongo kwa winchi, nikiitazama kazi yangu. Mama Asifiwe alikuja na beseni la viazi kichwani, akasimama nyuma yangu.

"Papa Prof," akasema taratibu, "nani anawazungushia?"

Niligeuka. Mpini ulikuwa unazunguka. Polepole, bila mtu, kwa utulivu wa ajabu, kila nyundo ya Safari ikiusukuma mbele kidogo. Sijui ulikuwa umezunguka mara ngapi. Nilijua tu kwamba kila mzunguko ni kidole kimoja cha reli, na kwamba mwendo huo hauwezi kubaki wa polepole.

Niliudaka. Na hapa niwaambie kitu ambacho hakimo katika vitabu nilivyofundishia. Nilitegemea kutupwa chini, lakini mpini ulisimama kwenye kiganja changu kama mtu anayekubali kushikwa mkono. Uwiano ule wa mia moja na sitini ulikuwa unanifanyia kazi mimi pia. Mashua ya tani kumi na tano ilinivuta kwa nguvu isiyozidi uzito wa kuku. Ningeweza kuishika kwa vidole viwili. Nisichoweza ni kuiachia.

Nilipiga kelele. "Safari! Toka! Safari!"

Nyundo iliendelea, ko, ko, ko. Wazungushaji walikuwa mbali, vichwa majini. Nilisikia kila pigo likinijia kupitia kebo, ndani ya mkono, na kila pigo mpini ukiomba njia. Mtu yule alikuwa ananigongea kifo chake kiganjani na hasikii. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na siogopi kuandika hivyo.

"Mama, hasikie!" nilimwambia mama Asifiwe. "Mvute. Mvute miguu."

Aliweka beseni chini, hakulitupa, akashuka mbio akiwa ameshika kitenge, akapiga magoti kati ya reli, akamshika Safari vifundo vya miguu na kumvuta. Safari alifoka kwa sauti ya kusikika Bukavu.

"Mama, uko na wazimu? Niachie! Kiatu! Kiatu yangu!"

Sandali ya mguu wa kushoto ilikuwa imebanwa. Kigari kilikuwa kimeteleza kiganja kimoja, na gurudumu lilikuwa limepanda juu ya ncha ya tairi ile, mbele kabisa ya vidole vyake. Mama Asifiwe alivuta mguu, sandali ikabaki, Safari akatoka na nyundo yake, mzima, anatukana. Nilimwona amekaa kwenye majani, vidole kumi vyote vya miguu vikiwa juu, na pumzi iliyonitoka wakati huo sijui ilikuwa imekaa wapi.

Wazungushaji walikuja wakikimbia. Waliweka mawe ya lava nyuma ya magurudumu yote manne, mawili mawili, mawe makali yanayouma chuma. Wakaniambia, "Prof, achia." Nikasema ndiyo. Wakaniambia tena. Nilikuwa nataka kuachia, lakini mkono haukufunguka. Ni mama Asifiwe aliyenifungua vidole, kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto aliyeshika kitu hatari.

Tulizungusha mpini kidogo kuinyanyua sandali. Niliinama, nikamvalisha Safari mwenyewe, nikamwomba radhi bila kusema ya nini. Alidhani ni kwa sababu ya ukali wa mama Asifiwe. Ndivyo nilivyoamini mimi.

Mkuu wa karakana alichunguza na kuandika ripoti kwamba chanzo ni ulimi wa chuma uliovunjika enzi za Wabelgiji. Lilikuwa kosa zuri, lenye wenyewe walioshakwenda kwao. Hakuna aliyelipinga.

Muzee Kakule aliporudi nilimwambia yote kabla hajatua mfuko. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulibisha hodi?"

"Hapana, muzee."

Akaguna. Alikwenda akafungua sanduku, akachovya kidole katika mafuta ya asali, akakinusa, akakifuta kwenye suruali yangu.

"Zamani, kabla ya indépendance, niliona boiler inashuka juu ya batu," alisema. "Ilikuwa imetulia vizuri. Mutu moja akagonga na nyundo, ikashuka. Kuanzia siku ile, mimi nagonga wa kwanza, batu wakiwa bado mbali. Weye njo uko na hesabu. Tafuta ile sababu."

Nilitafuta. Haikunichukua hata jioni moja, na hilo ndilo lililoniuma. Katika daftari langu la uanafunzi ilikuwapo sentensi niliyoinakili kwa mwandiko mzuri na kuifundisha miaka minne bila kuielewa: mashine ambayo ufanisi wake uko chini ya nusu haiwezi kurudishwa nyuma na mzigo wake. Msuguano unaomla mzungushaji ndio huo huo unaoushika mzigo. Nilikuwa nimeziba tundu la gunia, na tundu lile ndilo lililokuwa likituwekea mashua mahali pake miaka yote. Ukivuka nusu, mashine inaweza kutulia kwa hisani tu, hadi mtu aigonge. Muzee alikuwa akiigonga kwanza yeye. Hodi ile ilikuwa kipimo kizuri kuliko mizani yangu.

"Na Safari, nimwambie?" nilimuuliza.

"Ile ni muzigo yako. Siku utaichoka, utaishusha."

Tulirudisha grisi yenye harufu. Nilifua ulimi mpya kutokana na chuma cha springi ya lori, na ni huo mnaoutumia leo. Mawe nyuma ya magurudumu yakawa sheria. Muzee alistaafu baada ya miaka michache, akaniachia nyundo na jiwe, akarudi Butembo, akafia nyumbani kwake kitandani, kama inavyompasa mtu wa winchi. Kuanzia hapo hodi nilibisha mimi, kiazi nilikula mimi. Mama Asifiwe alinichagulia vikubwa.

Zilikuja mashua nyingine ngumu, mnazijua. Ile iliyopinda katikati ya reli, tukaishikilia kwa makapi matatu siku nzima. Ile iliyoletwa na injini imekwama ndani, hakuna anayejua uzito wake. Lakini hakuna iliyonichosha kama neno moja la Safari. Tangu siku ile ya kiatu, muzee asipokuwepo, hakuingia tena chini ya mashua bila kusimama mbele ya winchi na kuuliza kwa sauti yake kubwa kama nipo, "Prof eko?" Nikiwa mgonjwa, hakufanya kazi. Akiambiwa kuna mtu mwingine kwenye mpini, alikaa kivulini akavuta tumbako. Watu walisema ananiamini kama ndugu. Kila aliposema "Prof eko?" nilichomwa moyoni, kwa kuwa mtu huyu alikuwa anamwamini yule yule aliyekaribia kumuua, na hajui. Mara ngapi nilifungua mdomo kumwambia! Nikaufunga. Nilisema nitamwambia akiacha kazi. Akaacha, akarudi Kibati, nikasema nitamwambia nikiacha mimi.

Basi ikafika siku yangu ya mwisho. Mlipika ugali na samaki wadogo wa sambaza, mkamwalika na Safari, naye akashuka kutoka Kibati na fimbo, mzee kabisa, masikio yamekufa moja kwa moja. Tulikaa wawili kando, mimi juu ya jiwe, yeye juu ya kipande cha mbao. Juu ya reli kulikuwa na mashua tuliyoivuta asubuhi. Nilimgusa bega, nikamkabili, nikasema polepole ili midomo isome vizuri.

"Safari. Ile siku ya kiatu. Mafuta ya treuil, ni mimi nilibadilisha. Kakule alikuwa Butembo. Sikubisha hodi. Ni mimi, haikuwa ulimi ya Wabelgiji."

Aliendelea kuitazama midomo yangu, akingoja kama ina zaidi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nilijua," akasema, kwa sauti iliyowafanya nyote mgeuke.

"Nani alikuambia?"

"Mikono yako. Grisi ya Kakule ilikuwa nanuka mbuzi dume, hata kule chini nilikuwa naisikia. Ile siku ulikuya kunivalisha kiatu, mikono yako ilinuka camion, lori mupya. Mimi niko kiziwi, Prof. Pua iko."

Nilihisi joto likinipanda usoni, kisha likashuka, likaenda zake.

"Sasa ju ya nini ulikuwa unaniuliza kila siku? 'Prof eko, Prof eko'?"

Alinishangaa, kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa kofia kwenye jua.

"Ningeuliza nani? Wale wengine wote walikuwa naangalia mashua. Mutu mwenye aliona treuil inazunguka yenyewe, ule njo nilikuwa nataka akae pale."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mengine kati ya hayo hayakuwa ya kicheko. Miaka yote hiyo nilidhani nambeba mtu asiyejua, kumbe ndiye aliyeniweka juu ya jiwe lile, na kunilinda pale. Mama Asifiwe, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono na binti yake, alitupitishia viazi. Nilichukua kimoja. Nilikimenya, nikaanza kukila taratibu kama ilivyo desturi yangu, macho kwenye mpini wa winchi, kwa maana mashua ilikuwa juu.

Safari aliniona. Alinyoosha mkono wake mgumu, akanishika kidevu, akanigeuza uso mpaka nikawa nimemwelekea yeye na ziwa.

"Kula, Prof," akasema. "Chini hakuna mutu."